Saumu Yako Iko Wapi Ukishika Usukani?



Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme kwako ni kilomita 5, na njia iko wazi. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho unaoruhusiwa mjini hapa Kenya, utafika kwa dakika 6. Ukikimbia 80, utafika kwa dakika 4 kasorobo. Umeokoa dakika 2 na robo tu! Je, dakika hizo zina thamani ya roho ya mtoto anayevuka barabara na mkate wa kufuturu mkononi?

Sasa tazama jioni pale Daraja la Nyali. Magharibi imekaribia, foleni haisongi, honi kila upande. Mtu hajala wala kunywa tangu alfajiri, lakini anaitukana matatu iliyomwingilia mbele. Tumbo limefunga, ulimi unakula! Kwani saumu ni njaa peke yake?

Utasema: "Lakini kuharakisha kufuturu ni suna." Ni kweli, ila suna hiyo haikutaki ukimbize gari. Weka tende na maji garini. Adhana ikikukuta njiani, simama pembeni, sema Bismillahi, futuru, kisha endelea polepole. Chakula cha nyumbani kitakungoja.

Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni sadaka. Basi ndugu yangu, tusiwe sisi ndio huo udhia.

Wabillahi tawfiq.