Kitambi cha Ofisini
Msikilizaji, Januari wenye kazi za mezani hujazana jimu; Machi huwaoni. Tatizo liko pale pale mezani. Soda ya kola ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko tisa vya chai. Ukiinywa kila mchana, tena juu ya chipsi mayai, mbio za Jumamosi hazifui dafu. Anza na maji. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Ukishuka kwenye basi la mwendokasi kituo kimoja kabla, ukatembea, dakika hizo nazo zimo. Kazi ipo usiku: foleni inatufikisha nyumbani saa tatu, tunapakua mlima wa ugali, kisha kitandani. Bosi anayeitisha kikao saa kumi na moja jioni ana sehemu yake katika kitambi hicho.