Mshale wa Mafuta Hauhesabu Kilomita

Mada kwa madereva na wamiliki wa vyombo vya moto, Kata ya Mshangano, Manispaa ya Songea



Mgonjwa anapozidiwa usiku wa manane, mara nyingi jirani mwenye gari ndiye anayegongewa mlango. Dereva huwasha gari, hutupia jicho geji ya mafuta na kujiuliza kama atafika. Bahati mbaya, geji hujibu swali jingine kabisa.

Ndani ya tanki kuna boya lililoshikizwa kwenye mkono mwembamba. Boya hupanda na kushuka pamoja na mafuta. Mwendo huo hubadilisha kiasi cha umeme kinachopita kwenda kwenye dashibodi, na mshale husogea. Kwa hiyo geji hupima kimo cha mafuta pale boya lilipo. Haijui safari ni ndefu kiasi gani, wala haijui mzigo uliopakiwa.

Hata kimo chenyewe kina hila zake. Matanki mengi hayana umbo la sanduku; yamefinyangwa yapate kukaa chini ya gari. Ndiyo maana katika magari mengi mshale hukawia kushuka kutoka juu hadi nusu, kisha huporomoka. Aidha, gari likiwa kwenye mwinuko, mafuta huegemea upande mmoja. Dereva anayepanda milima ya Lukumburu, katika barabara ya Njombe, anaweza kuona mshale ukipanda au kushuka ilhali mafuta ni yale yale. Geji isomwe gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Baadhi ya magari huonyesha kwa tarakimu kilomita zilizobaki. Tarakimu hizo hukokotolewa kwa kufuata ulaji wa mafuta wa muda uliotangulia. Gari lililotoka kuteremka mlima huahidi kilomita nyingi. Likianza kupanda, ahadi hiyo huyeyuka.

Njia ya uhakika ni hesabu. Dereva ajaze tanki na kurudisha kipima safari kwenye sifuri. Baada ya siku kadhaa ajaze tena, ikiwezekana kwenye pampu ile ile, kisha agawe kilomita alizotembea kwa lita zilizoingia. Akitembea kilomita 300 na zikaingia lita 25, gari lake linakwenda kilomita 12 kwa lita moja. Arudie mara mbili au tatu, kisha aandike wastani huo mahali atakapouona.

Chukua safari ya Songea hadi Njombe, takriban kilomita 240. Kwa kilomita 12 kwa lita, zinahitajika lita 20. Kwa sababu ya milima na mzigo, ni busara kuhesabu kilomita 10 kwa lita, yaani lita 24. Ikiongezwa robo ya akiba, zinakuwa lita 30. Mwenye tanki la lita 45 anayeondoka mshale ukiwa nusu amejiwekea mtego.

Mazoea mengine yanayoponza ni kununua mafuta kwa fedha bila kujua lita. Dereva husema, "Weka ya elfu kumi na tano," kama alivyosema mwezi uliopita. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikipanda, fedha ile ile hununua kilomita chache zaidi. Kwa mfano, bei ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, elfu kumi na tano ni lita 5: kilomita 60 kwa gari lile lile la mfano. Hazitoshi kufika Mbinga, ambako ni takriban kilomita 100.

Taa ya mafuta ikiwaka, hiyo ni amri ya kutafuta kituo. Katika magari mengi ya petroli pampu imo ndani ya tanki na hupozwa na mafuta yenyewe; kuendesha mara kwa mara tanki likiwa karibu tupu huichosha mapema. Gari la dizeli likikaukiwa huingiza hewa kwenye mfumo, na mara nyingi haliwaki hadi hewa hiyo itolewe, hata baada ya kuongezwa mafuta.

Kwa waendesha bodaboda, pikipiki nyingi zina koki ya mafuta yenye sehemu ya riziva. Mwendeshaji akishajaza mafuta, airudishe koki mahali pake pa kawaida. Akisahau, siku mafuta yatakapokwisha hatakuwa na riziva yoyote, na abiria wake atatembea kwa miguu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Gari linalolala na nusu tanki halimpotezei mwenyewe kitu, kwani mafuta hayo atayatumia kesho. Lakini mlango ukigongwa saa nane usiku, na vituo vimefungwa, nusu tanki hiyo ndiyo itakayomfikisha mama mjamzito hospitalini. Kila mwenye chombo na aijue namba yake ya kilomita kwa lita kabla mlango haujagongwa.