Harufu ya Mukombero na Hesabu ya Elektroni



Nani hapa Kakamega asiyeujua mukombero? Mzizi huu huuzwa sokoni na kwenye vituo vya matatu, na ukiutafuna harufu yake hukufika puani kabla utamu haujatulia ulimini. Wanasayansi huuita mmea wake Mondia whitei. Nimeuchagua leo kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kemia ya nadharia ni kimbilio la mtu aliyekosa maabara. Sikubaliani nao hata kidogo.

Harufu ya mukombero hutokana hasa na molekuli moja ndogo yenye atomi 8 za kaboni, 8 za hidrojeni na 3 za oksijeni. Vanilini, inayoipa vanila harufu yake, ina atomi zizo hizo kwa idadi iyo hiyo. Pete ya kaboni ni ileile na vikundi vilivyoshikamana nayo ni vilevile, ila vimekaa kwenye nafasi tofauti. Lakini vanilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 81 hivi za Selsiasi, na molekuli ya mukombero kwenye 41 hivi. Kipimajoto kitakuonyesha tofauti hiyo. Sababu yake hakikwambii.

Sababu iko kwenye hidrojeni moja. Katika molekuli ya mukombero, kikundi cha hidroksili kinapakana na kile cha aldehaidi, basi hidrojeni yake huivutia oksijeni ya jirani na kufunga kifungo ndani kwa ndani. Molekuli iliyojifunga hivyo haizishiki sana molekuli nyingine. Huachana nazo upesi na kupaa hewani. Katika vanilini hidroksili imekaa mbali na oksijeni hiyo, kwa hiyo huitafuta ya molekuli nyingine, na zote zikashikamana.

Nguvu ya kifungo hicho tunaijuaje? Tangu 1926 tunao mlinganyo wa Schrödinger, unaoeleza mwenendo wa elektroni. Molekuli yetu ina elektroni 80, na kila moja huhitaji namba 3 kueleza mahali ilipo: jumla 240. Hakuna tarakilishi inayoweza kuutatua mlinganyo huo kikamilifu kwa molekuli kama hii. Mwaka 1964 wanafizikia Hohenberg na Kohn walithibitisha kwamba nishati ya hali ya chini kabisa ya molekuli inaweza kupatikana kutokana na msongamano wa elektroni peke yake, na msongamano huo huelezwa kwa namba 3 tu. Mwaka uliofuata Kohn na Sham wakatoa njia ya kufanya hesabu yenyewe. Nimeufundisha uthibitisho ule wa 1964 mara nyingi na ungali unanisisimua: ni mfupi, na umefungua mlango kwa yeyote mwenye tarakilishi na subira. Kohn alipata Tuzo ya Nobel ya kemia 1998, pamoja na mwanakemia Pople.

Afrika imeshapita mlangoni. Shule ya ASESMA, inayofundisha hesabu za elektroni, ilianza Cape Town 2010 na kufika Eldoret 2012. Programu ya Quantum ESPRESSO, inayofanya hesabu hizo, hupatikana bila malipo. Profesa Liliana Mammino wa Chuo Kikuu cha Venda ametumia miaka mingi kuchunguza vifungo vya hidrojeni vya ndani katika asilifloroglusinoli, molekuli ambazo nyingi hutoka kwenye mimea.

Kwetu kazi ingalipo. Molekuli ya mukombero huzuia tairosinesi, kimeng'enya kinachofanya tunda lililokatwa ligeuke rangi. Kiini cha kimeng'enya hicho kina atomi 2 za shaba. Je, kile kifungo cha ndani hubaki molekuli inapozikaribia, au hukatika? Na maji yakiizunguka? Hesabu hiyo nataka wanafunzi wetu wa uzamili waianze hapa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na mizizi ya kuithibitishia itoke kwenye mashamba yaliyopandwa, kwa maana Msitu wa Kakamega umeng'olewa mukombero mno, na mzizi ukishang'olewa mmea nao hufa.