Dhahabu ya Mtandaoni na Jasho la Mfanyakazi

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya semina ya walimu na watumishi wa umma.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi huona haya kulitaja hadharani, nalo ni fedha zinazopotea mikononi mwa watu wanaouza dhahabu na almasi kwa njia ya simu na intaneti.

Yuko mwalimu mmoja mstaafu ninayemfahamu. Baada ya kufundisha kwa zaidi ya miaka thelathini alilipwa kiinua mgongo chake. Hazikupita wiki nyingi akaletewa picha katika simu: vipande vya dhahabu juu ya mizani, na bei iliyopungua kwa robo nzima kuliko bei ya dunia. Akatuma malipo ya awali. Kisha akadaiwa ada ya kibali, kisha bima, kisha ushuru wa kiwanja cha ndege. Kila alipolipa, kizuizi kipya kilizuka. Leo hana dhahabu wala kiinua mgongo.

Wapo watakaosema kwamba mzee yule alikuwa mjinga. Mimi nakataa. Tapeli hamtafuti mjinga. Humtafuta mtu mwenye fedha mkononi na hofu ya kesho moyoni. Mtumishi anayestaafu anavyo vyote viwili.

Hebu tujiulize: kwa nini mtu mwenye dhahabu halisi aiuze kwa hasara, tena kwa mtu asiyemjua? Tangu mwaka 2019, serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini, likiwamo lile la Geita, mchimbaji mdogo amepata mahali pa kupimiwa dhahabu yake na kuiuza kwa bei inayofuata soko la dunia. Basi bei ya kutupa ina maana mbili tu: ama dhahabu haipo, ama ipo lakini ni ya wizi au magendo. Katika hali ya kwanza mnunuzi hupoteza fedha zake. Katika hali ya pili anaweza kupoteza hata uhuru wake, maana Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kumiliki wala kuuza na kununua madini ghafi bila ya leseni au idhini.

Almasi nazo zina utaratibu wake. Chini ya Mpango wa Kimberley, ulioanza kutumika mwaka 2003 na ambao Tanzania ni mshiriki wake, almasi ghafi haivuki mpaka ila ndani ya kasha lililofungwa kwa lakiri na kuambatana na cheti cha serikali. Anayekuahidi kukuletea almasi ghafi ndani ya bahasha kutoka nchi nyingine, ama anakudanganya, ama anakualika katika magendo.

Wengine hujitetea kwamba waliiona mali kwa macho yao katika simu. Ndugu zangu, picha haina uzito. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina gramu 19.3, na madini ya tungsteni yanakaribia mno uzito huo huo. Ikiwa hata mizani yaweza kuhadaiwa, sembuse jicho!

Silaha kubwa ya walaghai hawa ni karatasi yenye mhuri. Barua zao bandia hubeba nembo ya taifa na saini za kughushi. Hapa ndipo sisi watumishi tunapoguswa. Mhuri bandia hufanya kazi kwa sababu mwananchi bado anauheshimu mhuri wa kweli. Kwa hiyo mtumishi anayegonga mhuri ili “kumsaidia jamaa” tu, huku hajui karatasi hiyo inakwenda wapi, anaiuza imani ya umma. Na imani hiyo haina soko la kuinunua tena.

Nini basi kifanyike? Kwanza, asiye na leseni asinunue madini ghafi. Anayetaka pambo aende kwa sonara mwenye duka linalojulikana, naye adai stakabadhi. Pili, leseni ya muuzaji ithibitishwe katika ofisi ya Tume ya Madini, wala si kwa namba ya simu aliyoitoa muuzaji mwenyewe. Tatu, mtu asilipe ada yoyote ili kuikomboa mali asiyoiona wala kuipima. Nne, aliyekwisha kutapeliwa awahi polisi na ujumbe wote, namba na stakabadhi za malipo. Asivifute kwa aibu. Tena ajihadhari na wale wanaozuka baadaye wakidai malipo ili wamrudishie fedha zake, kwani mara nyingi ni genge lile lile.

Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Lakini mimi naongeza kwamba aibu ndiyo ngao ya tapeli. Aliyeumizwa akinyamaza, jirani yake huumizwa kesho yake. Mwalimu yule ameniruhusu nisimulie habari zake mbele yenu, ila nisitaje jina. Ameniambia kwamba akiwa amekwisha kuiaga shule, hili analihesabu kuwa somo lake la mwisho. Tulifikishe darasani, maofisini na majumbani mwetu.