Kocha Akifukuzwa, Nani Analipa?

Msikilizaji, mashabiki wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu hawabishani tu kuhusu nani atashinda Jumamosi. Wanauliza pia: tukifungwa, kocha abaki au aende?

Mwaka 2025 timu ya chuo cha Penn State ilianza msimu ikiwa ya 2 kwa ubora nchini Marekani. Ikafungwa na Oregon, kisha na UCLA ambayo haikuwa imeshinda mechi hata moja, kisha na Northwestern, tena nyumbani. Kibarua cha kocha wake, James Franklin, kikaota nyasi Oktoba 12. Wiki mbili baadaye, timu ya chuo cha LSU ilichapwa 49-25 na Texas A&M mbele ya mashabiki wake, na kesho yake kocha Brian Kelly akafukuzwa.

Hasira ya mashabiki naielewa. Tiketi ni ghali na mapenzi ni ya kurithi. Ninachokipinga ni mikataba. Viongozi wa vyuo husaini mikataba ya miaka kumi wakiwa na furaha ya ushindi, halafu wanalipa ili kuivunja. Texas A&M ilipomwondoa kocha Jimbo Fisher mwaka 2023, fidia yake ilizidi dola milioni 75. Hizi ni taasisi za elimu! Aliyetia saini mkataba ule naye ahojiwe, kwa ukali uleule.

Na wachezaji je? Wengi walichagua chuo kwa sababu ya kocha. Akiondoka Oktoba, wao bado wana mechi Jumamosi, na mitihani Desemba.