Gradua, lisansi, masta: tuelewe mbele ya kulipa

Katibu aliniomba niseme juu ya masomo ya juu, sababu wazazi wengi wanauliza: mtoto akimaliza, anakuwa nani?

Nianze na kijana mmoja wa hapa hapa. Alikuwa na gradua. Akasikia upande wa Zambia wanasema "gradueti", akasema, basi njo mimi. Baba yake akauza kiwanja, wakalipa pesa ya kuandikisha masta kwenye shule moja kule. Karatasi zilipoangaliwa wakamwambia: hii ni miaka 3 tu, sisi tunataka digrii. Pesa haikurudi. Kijana hakuwa mwongo, na baba hakuwa mjinga. Ni neno njo liliwadanganya.

Kwetu, katika mfumo wa zamani, mtu alisoma miaka 3 akapata gradua, akaongeza 2 akapata lisansi. Lisansi ya zamani, kama hii yangu, ni miaka 5. Zambia wanahesabu namna ingine: kisha Gredi 12, digrii ya kwanza mara nyingi ni miaka 4, na ule anayeimaliza njo wanamwita gradueti. Siye gradue wa kwetu.

Halafu kumekuja LMD. Toka mwaka wa masomo 2021-2022 Leta imeieneza: lisansi miaka 3, masta 2, kisha dokta. Muone vile inachanganya! Jina la lisansi limebaki, miaka imepunguka. Watu wawili wanaweza kusema "niko na lisansi", mmoja alisoma miaka 5, mwingine 3, na wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo musiulize jina la karatasi. Muulize: miaka ngapi, kredi ngapi? Katika LMD mwaka mmoja ni kredi 60. Lisansi ni 180, masta inaongeza 120. Na karatasi za pointi za kila mwaka, tafazali, muzichunge kama vile munachunga karatasi ya kiwanja. Watu wanachunga diplome peke yake, zingine zinaliwa na panya.

Nyinyi munajua kuliko mimi: kamio yenye makaratasi mabaya inalala kwenye barriere, hata mali iwe nzuri namna gani. Diplome ni vile vile. Zambia kuko ofisi inayoitwa ZAQA, iliwekwa na sheria ya 2011, njo inapima diplome za inje. Mutu anayetaka kwenda kusoma Kitwe ao Lusaka aulize kule kwanza, halafu alipe. Na wale waliosoma Meheba, Kala ao Mwange wakarudi na Gredi 12, waombe ekivalansi, Leta iitambue sawa na diplome ya Leta. Musingojee mtoto afike mwaka wa pili ya iniversite njo muanze kukimbia.

Mama mmoja aliniuliza kama masta ya afya itamfanya binti yake awe munganga. Hapana, mama. Masta ya santé publique inafundisha kupanga kazi ya afya, kuhesabu magonjwa, kuongoza programu. Haimpi mutu ruhusa ya kupasua tumbo! Munganga anasoma udaktari wenyewe, halafu anaandikwa kwenye Ordre. Mwenye kusoma sheria pia, akiwa na lisansi, hajakuwa avoka: anaingia barreau, anafanya staji miaka 2. Wauguzi wanajua ngazi zao, A2, A1, A0, sitawachelewesha.

Mimi sisemi kila mtoto atafute masta. Kuko vijana hapa wanaofanya kazi ya deklaration na wanalisha nyumba nzima. Lakini ukiamua kulipa, ujue unanunua nini.

Jumatano nitakuwa kwenye ofisi ya ushirika toka saa tatu ya asubui. Mulete karatasi zenyewe, siyo picha ya kwenye telefone, maana siwezi kusoma muhuri kwenye picha. Yule kijana atakuwa pamoja na mimi. Amekubali kuwaonyesha barua waliyomupatia.