Kabla ya Kufunga Mashine Mpya
Maneno ya afisa wa uvuvi kwa wenye boti, Lamu



Wengi wenu mnafufua boti kuukuu za faiba nyumbani, na mnaokoa pesa. Ninachohofia mimi si mashine, ni ubao wa nyuma unaoibeba. Ndani ya faiba mna mbao, na maji hupenya kwenye matundu ya bolti. Nje rangi inang'aa, ndani kumeoza. Gongeni kwa nyundo ndogo: palipo pazima hutoa mlio mkali, palipooza mlio mzito. Hapo kateni, toeni mbao mbovu, kausheni vizuri, mjenge upya ndipo mpige faiba. Kupaka juu tu ni kujidanganya.

Mashine ya nguvu 15 ina takriban kilo 36. Ya 40 hupita kilo 70. Boti iliyozoea ile ndogo msiibebeshe kubwa kwa sababu mmeipata kwa bei nzuri Mombasa. Pimeni na mguu, inchi 15 au 20. Ukiwa mfupi, rafadha huvuta hewa, boti haiendi.

Kabla ya kubeba abiria, mwiteni mkaguzi wa KMA. Jaribio la kwanza fanyeni karibu na gati, jaketi za kuokolea mwilini.